Ford ya Ephraïm na Salopeti ya Tchomia

Mume wangu Ephraïm hakuwa na nyumba ya pili Tchomia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni, nje ya kanisa baada ya misa ya pili, na hata na watu waliokula kwenye meza yangu. Wanasema alikuwa na mwanamke huko ziwani, kwamba alizaa naye, na kwamba gari letu la zamani lilikwisha kutolewa kwa watoto hao. Nimefundisha historia katika mji huu kwa miaka mingi, na nusu ya wanaosema hayo walipita darasani kwangu. Nilidhani nimewafundisha kutofautisha ushahidi na uvumi. Basi nitaeleza mara moja, kwa maandishi, mtu yule aliishi vipi, alitafuta vipi vyuma vya gari lake, na yule mama wa Tchomia ni nani.

Ephraïm alikuwa fundi wa magari. Garaji yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, chini ya bati, na sakafu yake ilikuwa nyeusi kwa mafuta hata mvua haikuweza kuilowesha. Siku za kazi alitengeneza magari ya watu: malori ya samaki, pikipiki za wachimba dhahabu, teksi zilizokuja zikisukumwa na abiria wake. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha na kuwasomesha watoto. Lakini jioni, na Jumapili baada ya misa, alikuwa mtu wa Ford.

Ford ile ilitengenezwa mwaka 1924. Ilikuja hapa Bunia na Mgiriki mmoja aliyeuza vitambaa na chumvi, na baba mkwe wangu, mzee Étienne, alikuwa dereva wake. Mgiriki alipopata gari jipya aliiacha Ford nyuma ya duka, kuku wakataga chini ya viti. Mzee Étienne akaiomba. Mgiriki akamwambia alete ndama mmoja, kisha akacheka mbele ya wateja: "Umefanya biashara mbaya, Étienne. Ndama anatembea." Kabla mvua hazijaanza Ford ilikuwa barabarani, na Mgiriki akatoka dukani na kalamu yake sikioni kuitazama ikipita.

Kwa wasioiona, niseme ilivyo. Magurudumu yake yana vijiti vya mbao ndani, kama ya mkokoteni. Ina pedali tatu, na hakuna hata moja ya kuongeza mwendo. Mwendo unaongezwa kwa kijiti kidogo chini ya usukani. Inawashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele, na asiyejua kuushika atavunjika kifundo. Moto wake unatoka katika visanduku vinne vya mbao, kila kimoja kikilia kama nyuki ndani ya chupa. Ephraïm alijua kwa sikio ni kisanduku kipi kinaumwa. Watoto wa mtaa wetu waliiga mlio ule kwa midomo wakikimbia kwenda shule, na mpaka leo wako wanaume wazima Bunia wakikutana nami wanapiga "bzzz" badala ya kusema jambo Madame.

Tangi la petroli liko chini ya kiti, wala hakuna pampu; petroli inateremka yenyewe. Maana yake, petroli ikiwa kidogo na mlima ukiwa mkali, haifiki kwenye mashine. Ephraïm alifanya kama baba yake: aligeuza gari na kupanda kinyumenyume. Mara ya kwanza aliponipakia, kabla hatujaoana, nilikuwa mwalimu mpya, nimevaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili. Tulipanda kilima cha Mudzipela mgongo mbele, mji wote ukiwa miguuni petu, mabati yakimetameta na mikaratusi ikiinama, na watu wakatoka kwenye viwanja vyao.

"Ephraïm! Bibi amekukatala? Unamurudisha kwao?"

"Hapana! Namuonyesha mahali anatoka, asipotee!"

Niliona aibu mpaka masikioni. Lakini ni kweli kwamba sijawahi kuuona mji huu vizuri kama siku ile, ukiondoka polepole mbele ya macho yangu.

Ford ile ilipeleka maarusi wengi kanisani. Siku za ndoa Ephraïm alijaza tangi hadi juu kabisa, kwa maana hakuna mama anayekubali binti yake afike kanisani kwa mgongo. Aliifunga utepe, akavaa koti la baba yake, akaendesha taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa hazungumzi na bibi arusi njiani. Alisema siku hiyo mtu anahitaji kusikia mashine tu.

Vipande vya gari kama hilo havipo dukani. Wanaofikiri Ephraïm alikuwa akitembeatembea wajue alikuwa anatafuta. Mikanda ya ndani, ile inayobana ili gari liende au lisimame, inataka pamba nzito iliyofumwa. Aliifumua kutoka mabegi ya zamani ya kijeshi, na fundi wa nguo wa soko kuu akamshonea. Mkanda wa feni alishonewa na fundi viatu. Taa moja ya mbele aliikuta huko Nia-Nia, kuku wanainywea maji, na mwenye kuku akamwuliza kuku wake watanywea nini sasa. Kule Iga Barrière madereva wa malori walimjua kwa jina la "Papa Mia Moja", kwa miaka ya gari lake, na mtu akiona chuma cha ajabu njiani alikiweka chini ya kiti chake mpaka apite Bunia.

Wakati wa kiangazi vijiti vya magurudumu vilikauka na kuanza kulia. Hapo aliyafungua magurudumu na kuyalaza katika mto Shari, mawe juu yake, mbao zinywe maji na kukaza tena. Watu wakasema anaogesha gari kwa dawa. Alirudi amelowa mpaka kiunoni akinisimulia huku anacheka, nami nilikasirika kwa niaba yake.

Na kulikuwa na kazi moja aliyonitaka mimi. Ndani ya mashine, pale nondo kubwa inapozunguka, hakuna gololi. Kuna chuma laini cheupe kinachoyeyushwa na kumiminwa kuizunguka ile nondo. Ili kisishikamane nayo, nondo inapakwa masizi kwanza. Ephraïm alisema mikono ya mafundi wake inatetemeka, wangu hautetemeki kwa sababu umezoea chaki. Basi nilishika taa ya mafuta chini ya nondo, utambi umepandishwa utoe moshi, nikaipaka nyeusi sawasawa, nami nimevaa sketi yangu ya kufundishia. "Mstari wa juu bado, Madame." "Nauona." "Sawa." Kisha alimimina bila kupumua. Sikuwahi kujisikia ndani ya ndoa kama saa zile, na hatukuwa tunasema zaidi ya hayo.

Safari za Tchomia zilianza watoto walipokuwa wakubwa. Barabara ikiwa na amani, Ephraïm alishuka na lori la samaki, akarudi kesho yake na kitu kimefungwa ndani ya gunia. Nilijua anakwenda kwa ajili ya Ford. Aliniambia: "Huko iko chuma yangu." Hakusema iko kwa nani, nami najua sababu. Miaka ile wanunuzi wa chuma chakavu, wale tunaowaita watu wa mitraille, walipita kila kiwanja wakibeba vitanda, majembe na mashine zilizokufa, wakapakia malori kuelekea mpakani. Kwao gari la miaka mia ni kilo tu. Neno moja lingetoka kwenye kinywa kimoja, chuma kile kingeondoka. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo neno la baba halikuvuka mlango, kwa hiyo sikuuliza.

Jambo moja tu nilisema. Aliporudi mara ya kwanza alinuka moshi wa samaki mpaka mapazia yakashika. Nikamwambia: "Ephraïm, nguo hizo haziingii katika nyumba yangu." Akajibu: "Ndiyo, Madame." Tangu hapo alirudi safi kama aliyetoka kwa kinyozi. Nilifikiri anafua ziwani.

Alikufa kwa moyo, asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha garaji. Tukaweka matanga. Turubai lilijaa watu: mafundi, walimu, wanakwaya, na upande wa wakwe zetu watarajiwa, maana binti yetu Arlette alikuwa amekwisha kuposwa na kijana anayeitwa Orly. Aliyekuja kwa niaba ya upande ule ni mama Jeannine, shangazi yake Orly, mwanamke mwenye duka la vitunguu na sauti inayofika mbali kuliko duka lake.

Katika siku zile akaingia mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko mimi, mwembamba, ametua beseni la samaki wa kukaushwa mlangoni, na mkononi ana kifurushi. Akapita katikati ya watu wote mpaka kwenye mkeka wangu, akapiga magoti, akafungua kifurushi. Ilikuwa salopeti ya buluu, vazi la kazi la mume wangu. Goti lake moja lilikuwa limeshonwa kiraka kwa mkono. Ilikuwa imefuliwa, na imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama.

"Mama," akasema, "nimerudisha nguo yake. Haikuwa vizuri ibakie kwangu."

Nyuma yangu mtu akasema, "Eeeh!" Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Mimi nilisema asante, nikaipokea nguo, nikaiweka mapajani, nikaagiza mgeni apewe kiti na maji. Nyumba ya kilio si mahakama. Alikaa kidogo, akalia kimya, akaondoka kuwahi gari la kushuka ziwani. Kabla giza halijaingia, Bunia nzima ilikuwa imekwisha kumwoza kwa mume wangu.

Tulipoondoa kilio, mama Jeannine alikuja kuzungumzia ndoa. Nilimpikia chai. Alikoroga sukari muda mrefu.

"Mama Arlette, siye hatukatale mutoto yako. Arlette ni mutoto muzuri. Lakini bazee ya kwetu banauliza: kama baba alikuwa na nyumba mbili, tunaongea na nyumba gani?"

"Mnaongea na hii ambayo chai yake unakunywa."

"Usikasirike, mama. Ni watu banasema. Banasema hata Ford ilishaendaka Tchomia, kwa ule bibi, sababu haionekane tena mu barabara."

"Ford iko nyuma ya ukuta huu. Nenda ukaitazame."

"Gari ya kutazama!" Akacheka. "Mupate siku moja itembee. Ikipeleka Arlette kanisani na moteur yake, siye wote tutaona nyumba ya Ephraïm ni moja, na midomo itafunga. Isipotembea, basi... mie sina kitu cha kuwajibu bazee."

Hakusema ndoa itavunjika. Hakuhitaji kusema. Arlette alikuwa chumba cha pili, na nilisikia mashine yake ya kushona imesimama.

Siku hiyo hiyo nilimwita Dady, fundi mkubwa wa mume wangu, ambaye amebaki na garaji na bado anamwita marehemu Patron, yaani bosi. Nikamwuliza kwa nini Ford haitembei. Akanipeleka, akanionyesha nyuma ya gari, katikati ya magurudumu, mahali palipofunguliwa. Kuna magurudumu mawili ya meno, dogo na kubwa; dogo linazungushwa na mashine, kubwa linazungusha magurudumu ya gari. Meno yake yalikuwa yamelika kama ya mzee.

"Moteur iko muzima, Madame. Inaimba. Lakini nguvu haifike mu magurudumu. Patron alijua. Ile mwaka ya mwisho aliipumzisha."

"Hakuna nyingine?"

Dady akafuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Iko. Iko Tchomia. Lakini Patron aliniambia: 'Dady, ile usiiguse, hata nikikufa.'"

"Kwa nini?"

"Hakusema. Na Patron ukimuuliza mara mbili alikuwa anakutuma kuosha pistoni."

"Basi chukua vyombo vyako. Tutakwenda kuiona hiyo isiyoguswa."

Arlette alinifuata mpaka mlangoni. "Mama, acha. Tutakodi gari ingine yoyote. Na Orly ananitaka hata nikienda na miguu."

"Orly anakutaka. Ila ni jina la baba yako ndilo litakalotembea mbele yenu," nikamwambia. Naye alijua kwamba nikisema hivyo sirudi nyuma.

Tulipita Bogoro, tukashuka ule mteremko ambapo ziwa linatokea ghafla chini, jeupe kama karatasi, na joto likapanda kutupokea. Tchomia haikuwa na haja ya kuulizia sana. Nilisema natafuta mama aliyekuja Bunia kwenye kilio cha fundi, na mtu akaninyooshea kidole kwenye moshi: kwa mama Domitille.

Alikuwa ameinama akigeuza samaki. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, hakuuliza mimi ni nani.

"Nilijua utakuja, Mama. Kaa. Hapana, usikae pale, moshi itakushika."

Akanionyesha tanuri lake. Lilikuwa la matofali, na mlango wake ulikuwa kifuniko cha pipa chenye bawaba nzuri, kazi ambayo niliitambua kabla hajasema. Juu, nyavu za samaki zilikalia vyuma viwili virefu, vyeusi.

"Hii yote ilikuwa gari," akasema. "Baba mukwe wangu aliipata hapa kando ya ziwa, ilikufa zamani, mwenye yake alishaenda. Akasimamisha mabati yake, akafanya tanuri. Siye tulichomea samaki ndani miaka yote, hatukujua ni kitu. Siku moja bwana yako amekuja kununua samaki. Ameona mulango ya tanuri, ule uso ya mbele ya gari. Akakaa chini mu mchanga. Nikamwambia: muzee, uko mugonjwa? Akasema: 'Mama, unachoma samaki ndani ya mwaka 1924.'"

Dady akacheka kwa sauti. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza tangu tulipomzika.

Walipatana hivi, yeye na Ephraïm. Kila chuma atakachotoa, ataweka mahali pake kitu cha kufanya kazi ile ile, na bora zaidi. Alitoa uso wa gari, akaweka kifuniko cha pipa. Alitoa mabati ya ubavu, akajenga matofali kwa mikono yake. "Hakuna siku hata moja tanuri yangu ililala sababu yake," akasema Domitille. Ndivyo mume wangu alivyokuwa: hakuweza kuchukua kitu akaacha tundu.

"Na salopeti?" nikauliza.

Akanitazama kama anayepima. "Alisema bibi yake ni mwalimu, hapendi harufu ya samaki. Akifika alikuwa anavaa ile, akimaliza anaivua, anaoga mu ziwa, anavaa nguo yake ya safari. Mie nilikuwa naifua pamoja na nguo za watoto. Aliposhafariki nikasema, nguo ya mutu irudi kwa bibi yake, na irudi safi. Sikujua itakuletea aibu." Akainamisha kichwa. "Nilisikia maneno ilishafika mpaka huku."

Basi hiyo ndiyo salopeti ya Tchomia iliyowanyima watu usingizi. Ilibaki kule kwa amri iliyotoka kinywani mwangu, na ilirudi kwa adabu ya mwanamke ambaye angeweza kuitupa.

Kisha Dady akauliza kile kilichotuleta. Domitille akatutangulia mpaka ufukoni. Pale, kwenye magogo yaliyozikwa mchangani, ulikuwa umefungwa mhimili wa nyuma wa ile Ford ya tanuri, sawa kabisa na ule niliouona kwangu, mweusi kwa grisi. Kamba ilizunguka upande mmoja. Upande mwingine kulikuwa na mkono wa kuzungusha. Mtumbwi ulikuwa unafika, mzito, umejaa. Wanawake wawili waliingia kwenye maji, wakafunga kamba, wakarudi kuzungusha ule mkono. Gurudumu dogo la meno lilizungusha kubwa, na mtumbwi ambao ungetaka wanaume wa mtaa mzima ulipanda mchanga polepole kama ng'ombe anayetii.

"Kila mutumbwi yenye inapanda, wananiachia samaki," akasema Domitille. "Ndiyo naichomaka. Bwana yako alikuwa anakuja kutia grisi kila safari. Aliiangalia sana ile kitu. Kama unaangalia mutoto ya mwingine. Alisema: 'Hii hapana. Sina kitu ya kuweka pahali yake.'"

Halafu akasema jambo ambalo sikulitazamia. "Lakini weye uchukue, Mama. Mutoto yake anaolewa. Siye tutavuta na mikono, kama zamani."

Dady alikuwa ameshapiga goti, ufunguo uko kwenye nati. Alinitazama. Niliwatazama wale wanawake wawili wakitua samaki, kitenge kimelowa, mmoja akimtania mwenzake kwamba anazungusha kama mtu aliyelala. Nilifikiri juu ya mama Jeannine na kijiko chake ndani ya chai yangu. Nilifikiri juu ya Arlette na mashine yake iliyosimama. Sitaki mtu aseme nilikata shauri kwa urahisi. Nililitaka gurudumu lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu katika ujane wangu.

"Dady, rudisha ufunguo mfukoni."

"Madame, na ndoa?"

"Mume wangu alisema hapana."

"Patron alishafariki, Madame."

"Neno lake halijafariki. Simama, unachafua suruali."

Tulirudi kwenye tanuri. Domitille alitupa samaki na ugali, tukala. Ndipo nikamwuliza Ephraïm alikuwa akimwitaje. "Yaya," akasema, "dada mukubwa, sababu nilimushinda na miaka. Nami nilimuita ndugu yangu. Watoto wangu walimuita mujomba."

Sasa, wasomaji wangu wa Bunia wanajua bibi arusi anakwenda na nani. Shangazi, dada wa baba, ndiye anayekaa naye garini, ndiye anayempokea shangazi wa upande wa bwana mlangoni pa kanisa, wakashikana mikono, wakawaingiza watoto. Ephraïm alizaliwa peke yake. Tulikuwa tumepanga kuazima mke wa binamu, kama familia zisizo na bahati zinavyofanya. Nikaweka mfupa wa samaki pembeni ya sahani.

"Yaya wa Ephraïm ni shangazi wa Arlette," nikamwambia. "Siku ya ndoa utakaa naye. Nitakutumia kitenge cha familia, ushone."

Aliacha kutafuna. "Mama, watu watasema."

"Wamekwisha kusema. Sasa wataona."

"Sina maneno ya mbele ya watu."

"Shangazi hahutubii. Anakaa tu, na kila mtu anajua ni nani."

Akameza. Kisha akasema, "Nitakuja. Lakini samaki nitaleta mie."

Siku ya ndoa, Ford ilitoka. Dady alikuwa amepita garaji zote za mji, na waliokuja walikuwa wale waliojifunza kazi kwa Ephraïm, wengine sasa ni mapatroni wenye matumbo. Walivaa mashati meupe. Waliifunga Ford kwa kamba ya kuvutia malori. Dady akazungusha mkono wa chuma, mashine ikawaka, visanduku vinne vikaanza kulia, na barabara nzima ikageuka kutazama. Mashine iliimba mbele. Miguu ilikuwa ya watu. Arlette alikaa nyuma, na kando yake Domitille katika kitenge cha kijani tulichovaa sote, mikono imekunjwa mapajani, macho mbele.

"Eeeh, Ford ya Ephraïm imekuwa ng'ombe ya kuvutwa!" akapiga kelele kijana mmoja wa pikipiki.

"Nyamaza weye!" akajibu fundi mmoja akitoka jasho. "Hii jasho ndiyo essence yake, ndiyo petroli! Njoo utie yako!"

Yule kijana akaegesha pikipiki, akashika kamba. Na wengine wakashika. Tulipofika kanisani sikuweza tena kujua nani ni fundi na nani alipita njia tu.

Mama Jeannine alikuwa langoni pamoja na upande wake. Aliitazama kamba, akasikia mashine, akafungua mdomo kusema neno juu ya gari. Hapo Domitille akateremka, akiwa amemshika Arlette kiwiko. Jeannine alimtambua. Watu wote waliokuwa chini ya turubai siku ile ya kilio walimtambua.

"Huyu ni nani?" akauliza Jeannine, ingawa alijua.

"Shangazi ya Arlette, upande wa baba," nikasema. "Mushike mukono, mama. Padri anangoja."

Kuanzia hapo, aliyetaka kuendelea na maneno ya sokoni ilimbidi aseme juu ya mtu na dada yake, mbele ya kanisa, jambo ambalo kwetu halisemwi hata ulevini. Jeannine si mjinga. Alimtazama Domitille kwa muda, kitenge kile, mikono ile yenye makovu ya moto, kisha akanyoosha wake.

"Karibu, shangazi mwenzangu."

"Asante. Mikono yangu inanuka samaki."

"Na yangu inanuka vitunguu. Twende, tutapika vizuri."

Wakaingia na watoto. Mashine ya Ford iliendelea kulia nje mpaka Dady alipokwenda kuizima.

Arlette na Orly wanaishi vizuri. Domitille huja Bunia mara kwa mara barabara ikiruhusu, analala chumba cha wageni, na moshi wake umeshika mapazia yangu yote. Mhimili bado uko ufukoni. Na bado wako watu, wenye vyeti pia, wanaonisimamisha njiani kwa heshima nyingi na kuuliza: Madame, kwa kweli, yule ni dada wa Ephraïm kwa damu gani? Kwa tumbo gani? Jibu langu ni lile nililompa mama Jeannine langoni pa kanisa. Sina jingine, na kama ningekuwa nalo nisingewapa. Asiniulize mtu tena.